Mafungo ya Kibudha juu ya Usa River: mazuri yake na yanayohitaji kurekebishwa

Kwa mkazi wa Arusha anayetaka kukaa kimya siku mbili tatu chini ya uongozi wa mtu anayeijua kazi hiyo, nyumba za mafungo za Wakatoliki na Walutheri zipo kati ya hapa na Moshi, na zinafanya kazi yake vizuri. Anayetaka kujifunza taamuli, yaani kukaa kimya na kuituliza akili, kwa njia ya Kibudha ndiye aliyekuwa hana pa kwenda. Huambiwa asafiri hadi Dar es Salaam, kwenye hekalu la Upanga ambalo Wasinhala, watu wa asili ya Sri Lanka, waliliasisi mwanzoni mwa karne ya 20, au avuke mpaka hadi Uganda, ambako Bhante Buddharakkhita, mtawa ambaye mwenyewe ni Mganda, alianzisha kituo mwaka 2005. Kwa sababu hiyo mafungo ya wikendi yanayoandaliwa na kikundi kidogo cha taamuli juu ya Usa River yanastahili kuelezwa kwa kirefu. Waandaaji wenyewe huomba wasitangazwe kwa jina, kwa kuwa nafasi ni chache na watu hupata habari kwa kuulizana, na ombi hilo naliheshimu. Nimelipa kwa fedha yangu, nimekaa tangu mwanzo hadi mwisho, na ninaandika nikitamani jambo hili lidumu, kwa hiyo kasoro zake nitazitaja wazi kama nitakavyoyataja mazuri yake.

Kufika si kazi. Kutoka Arusha mjini unapanda daladala ya Usa River, mwendo wa takriban kilomita 20 kwenye barabara ya Moshi, kisha bodaboda inakupandisha kupitia migomba na kahawa hadi kwenye nyumba ya zamani ya shamba ambayo kikundi huikodi. Barabara hiyo ya juu ni ya udongo na huteleza vibaya wakati wa masika, hivyo ningewasihi waandaaji wasipange mafungo mwezi Aprili. Ukumbi wa taamuli ni lililokuwa ghala la kahawa: sakafu ya mbao, madirisha marefu upande wa mlima Meru, na mbele kuna meza ndogo yenye sanamu ya Buddha isiyozidi urefu wa kiganja, glasi ya maji na maua yaliyochumwa bustanini.

Kila mtu hupewa mkeka, shuka la Kimaasai la kujifunika na mto wa duara ulioshonwa kwa kitenge na kujazwa sufi. Mto huo lazima niuzungumzie, kwa sababu mgongo na magoti ndivyo vinavyoamua kama mgeni atarudi. Huko Japani mito ya aina hii hujazwa sufi pia, hivyo fundi aliyeishona hapa hakukosea. Tatizo ni kwamba sufi hushindiliwa ikikaliwa kwa muda mrefu, na kufikia Jumamosi jioni mto wangu ulikuwa umelala kabisa, magoti yakawa juu kuliko nyonga na kiuno kikaanza kuuma. Inatosha kuufungua mto, kuichambua sufi kwa mkono na kuongeza nyingine, lakini hakuna aliyetuambia hivyo mpaka tulipolalamika. Viti navyo vilikuwa pungufu. Wazee wawili walipokezana kimoja hadi kingine kilipoletwa kutoka jikoni. Mafungo yanayowakaribisha watu wa rika zote yanapaswa kuwa na viti vya kumtosha kila anayevihitaji kabla ya kengele ya kwanza.

Mafundisho yenyewe ni ya msingi, na kwa muda mfupi kama huu nadhani ndivyo inavyofaa. Mwalimu ni mama wa makamo, mzaliwa wa Moshi, aliyejifunza India kwa miaka kadhaa. Huanza na pumzi, akifuata hotuba ya Satipatthana, ambamo Buddha anaeleza kwamba anayevuta pumzi ndefu ajue kuwa anavuta pumzi ndefu, na anayevuta fupi ajue kuwa ni fupi. Ijumaa usiku alitupa historia ambayo wengi wetu hatukuijua. Watawa wa Kibudha tangu kale wana desturi ya kutulia mahali pamoja kwa miezi mitatu ya mvua, ili wasikanyage mazao na viumbe vidogo wakiwa safarini. Lakini mafungo ya watu wa kawaida, wenye kazi, watoto na madeni, ni jambo la juzijuzi. Yalipata nguvu Burma, ambayo leo ni Myanmar, wakati wa utawala wa Waingereza, pale mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) alipowafundisha walei mambo yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa ya watawa. Baadaye akaja U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Serikali baada ya nchi hiyo kupata uhuru mwaka 1948, mtumishi wa umma aliyefungua kituo cha taamuli mjini Yangon mwaka 1952 huku akiendelea na kazi ya ofisini. Mwanafunzi wake S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay, alianza kufundisha India mwaka 1969, na kozi zake za siku kumi sasa zinafanyika katika nchi nyingi duniani. Kwa upande mwingine, mtawa wa Vietnam Thich Nhat Hanh alianzisha kituo cha Plum Village huko Ufaransa mwaka 1982, na huko kutembea, kula na kusikiliza kengele vikafanywa taamuli kamili. Mwalimu wetu alisema waziwazi kipi amekichukua kwa nani, na hilo lilinifanya nimwamini. Kuna waalimu wengi siku hizi wanaochanganya mambo na kuyauza kana kwamba wameyaota wenyewe.

Ratiba ni ya kiasi. Kozi za Goenka huamsha watu saa kumi alfajiri na kuwaketisha kwa takriban saa kumi kila siku. Hapa kengele hugongwa saa kumi na moja, na muda wote wa kukaa hauzidi nusu ya ule, ukigawanywa na vipindi vya kutembea polepole kati ya mistari ya kahawa. Ukimya huanza baada ya chakula cha Ijumaa usiku na kufunguliwa Jumapili asubuhi. Asidhani mtu kwamba hatasikia kitu. Mbega huanza kunguruma msituni kabla ya mapambazuko, adhana inapanda kutoka bondeni, kengele ya kanisa inafuata, na malori ya barabara ya Moshi yanasikika yakifunga breki. Wapo waandaaji wa mafungo ambao wangeweka muziki laini wa kufunika yote hayo. Mwalimu huyu alisema tu, “Sauti ikija, isikieni, msiitungie hadithi,” akanyamaza. Kwa maoni yangu, agizo hilo peke yake lilikuwa na thamani kuliko maelezo marefu ya kesho yake.

Jumamosi asubuhi ndipo palipotokea jambo ambalo lingeweza kuyaharibu mafungo yote. Tulikuwa kwenye kutembea, kila mtu kainamisha kichwa, hatua moja kwa pumzi moja, na njia yetu inapakana na shamba la jirani. Mzee mmoja wa Kimeru akapita na jembe begani, akamsalimia kijana aliyekuwa karibu naye kabisa. Kijana, kwa kutii kanuni ya ukimya, hakujibu. Mzee akarudia salamu. Kimya. Akasimama, akatutazama sote, akauliza kwa sauti, “Mmefiwa, au mmefundishwa kutosalimia watu?” Kisha akaenda zake. Nilijisikia vibaya, na bila shaka si mimi peke yangu, kwa maana hakuna mtoto aliyelelewa mkoa huu asiyejua uzito wa kumpita mzee bila shikamoo.

Lawama hapa ni ya waandaaji, kwa sababu hawakwenda kuwaarifu majirani kabla ya kuleta watu wa kutembea kwa namna ile kando ya mashamba yao. Walichofanya baadaye nakisifu bila kusita. Mwalimu aliacha chakula cha mchana, akaenda nyumbani kwa yule mzee pamoja na yule kijana, wakaomba radhi, wakaeleza wanachokifanya, na wakarudi wamepewa mkungu wa ndizi. Jioni akatuambia ukumbini kwamba kuanzia hapo kanuni imebadilika: ukimya unazuia mazungumzo, haumzuii mtu kumwamkia mkubwa wake. Akaongeza kuwa usemi mwema ni sehemu ya njia iliyofundishwa na Buddha, na kwamba ukimya umewekwa ili kuulinda usemi huo, hivyo ukimya unaomvunjia mzee heshima umekwisha kupoteza kazi yake. Kesho yake yule mzee alipopita, shikamoo zilimfuata mstari mzima, naye aliitikia kila moja, “Marahaba, marahaba,” kisha kila mtu akarudi kwenye hatua zake. Sijaona popote kanuni ya mafungo ikirekebishwa kwa busara hivi, na naomba iandikwe kwenye karatasi ya maelekezo ili isitegemee kumbukumbu ya mwalimu.

Busara hiyo haijafika bado kwenye lugha ya kufundishia. Zaidi ya nusu yetu tulikuwa Watanzania: waongoza watalii, muuguzi, walimu, mama mwenye duka la vitenge. Waliobaki walikuwa wageni wanaofanya kazi Arusha kwenye mashirika na taasisi za kimataifa. Hata hivyo mafundisho marefu yote yalitolewa kwa Kiingereza, kisha yakafupishwa kwa Kiswahili katika sentensi mbili tatu za harakaharaka. Mama wa vitenge alikaa dakika 30 akisikiliza asichokielewa, na alipopewa muhtasari, kikao kilikuwa kimeisha. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba uwezo upo. Jumapili alfajiri msaidizi wa mwalimu, kijana wa Tengeru, aliachiwa aongoze peke yake, naye akasema: “Pumzi ikiingia, jua imeingia. Ikitoka, jua imetoka. Akili ikikimbia, usiigombeze, irudishe.” Ukumbi mzima ulitulia, wageni wakiwemo, ambao walitafsiriwa kwa mnong'ono pembeni na hawakulalamika. Katika kanuni za watawa za kale imo habari ya watawa wawili wa ukoo wa Kibrahmani waliotaka maneno ya Buddha yawekwe katika lugha ya heshima ya wasomi. Buddha aliwakatalia, na kwa jinsi wengi wanavyoielewa habari hiyo, aliruhusu kila mtu ajifunze kwa lugha yake mwenyewe. Kikundi kinachofundisha Usa River kina sababu ya kutosha ya kuanza na Kiswahili na kuwatafsiria wageni, badala ya kufanya kinyume.

Chakula sina neno nacho. Hakuna nyama wala samaki, na mpishi, dada wa hapo hapo kijijini, hakujaribu kuiga vyakula vya kwingine: asubuhi uji wa ulezi, mchana kiburu au makande na mboga za majani, jioni loshoro na matunda. Kwa kanuni zao za kale watawa wa Kibudha hawali baada ya adhuhuri, ila hapa walei hawalazimishwi. Kabla ya chakula cha mchana kila mtu ana saa moja ya kazi za mikono, nami niliwekwa kwenye kuchambua maharage. Kutenganisha punje nzima na zilizotobolewa, moja baada ya nyingine, bila redio wala maongezi, kulinifunza kutulia kuliko vikao kadhaa vya ukumbini.

Swali ambalo wasomaji wengi watakuwa nalo ni la dini, na ni swali la haki. Mama mmoja wa Kilutheri aliuliza Ijumaa usiku mbele ya watu wote kama atatakiwa kuisujudia ile sanamu. Mwalimu alimjibu, “Hapana, mama. Anayetaka kuinama huinama, asiyetaka hukaa, na hakuna atakayekuangalia.” Ndivyo ilivyokuwa. Aya za Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, zilisomwa asubuhi na jioni kwa wanaotaka, na wasiotaka waliruhusiwa kuingia baada yake. Waislamu wawili walitoka kwa sala zao na kurudi, na chumba kidogo kilikuwa kimetengwa kwa ajili hiyo. Napenda pia kwamba waandaaji hawakusema, kama wasemavyo wengine ili kuvuta wateja, kwamba haya si ya dini yoyote. Walisema ni ya Kibudha, wakaeleza yanatoka wapi, kisha wakamwachia kila mtu uamuzi. Uwazi huo ni heshima kwa mgeni na kwa mafundisho yenyewe.

Nina malalamiko mawili mazito. La kwanza ni simu. Zetu zilikusanywa kwenye kikapu cha ukindu siku ya kwanza, na hakuna aliyenung'unika. Lakini mmoja wa waandaaji alibaki na yake na alipiga picha ukumbini wakati watu wamefumba macho, eti kwa ajili ya kumbukumbu. Kulikuwa na mtu analia wakati huo. Mtu anayefumba macho mbele ya wenzake amewakabidhi imani yake, na hakuna picha inayostahili kuchukuliwa hapo bila idhini yake. La pili ni kipindi cha Jumamosi usiku, ambapo mgeni mmoja alialikwa kupiga mabakuli ya shaba na mwishoni akatangaza huduma zake na bei zake. Kilikata utulivu uliojengwa tangu asubuhi, na hakina nafasi katika mafungo mafupi kama haya.

Upande wa afya wamejipanga vizuri. Fomu ya kujiandikisha inauliza kuhusu magonjwa ya akili, dawa, msiba wa karibuni na matatizo ya usingizi, na nafahamu mtu mmoja aliyeshauriwa kwa upole asubiri. Hilo si jambo la ziada. Watafiti Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Brown University, Marekani, walichapisha mwaka 2017 utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya wanaofanya taamuli ya Kibudha hupata hofu, kukosa usingizi na misukosuko mingine ya nafsi, baadhi yao wakiwa kwenye mafungo marefu. Yule aliyelia alikuwa mwongoza watalii aliyempoteza ndugu yake, na mwalimu hakumwachia asubiri hadi kengele. Alimtoa nje, akaketi naye chini ya mti, na muuguzi aliyekuwa miongoni mwetu akamfuata. Jioni alirudi kwa hiari yake na kuchagua kiti kilicho karibu na mlango.

Bei ni shilingi 180,000 kwa kulala na kula, kitanda katika chumba cha watu wawili. Mwalimu halipwi katika fedha hiyo. Kuna kikapu cha dana, yaani sadaka ya hiari, mlangoni, na kila mtu huweka anachotaka bila kutajwa. Msingi wa utaratibu huu ni kwamba mafundisho ya Buddha hayauzwi. Kwenye kozi za Goenka hata chakula na malazi ni bure, yanalipiwa na michango ya waliokwisha kumaliza kozi, na mgeni wa mara ya kwanza hawezi kuchangia kabla hajamaliza. Kikundi cha Usa River hakina nyumba yake, kwa hiyo sikilaumu kwa kulipisha kodi na jiko. Ninachokidai ni kwamba bei ielezwe mapema, kwa maana mimi niliambiwa baada ya kuuliza zaidi ya mara moja kwenye WhatsApp, na kwamba mgeni anayelipwa kwa dola alipe zaidi ili mwalimu wa shule ya msingi alipe pungufu. Waandaaji waliniambia nafasi za ruzuku zipo. Kama zipo, zitangazwe pamoja na bei, kwa sababu mtu wa kipato kidogo hataomba kitu asichojua kuwa kinatolewa.

Anayesitasita kulipa anaweza kuanza na mkutano wa kila Alhamisi jioni, ambao ni bure na hufanyika sebuleni kwa mwanakikundi mmoja Njiro: nusu saa ya kukaa, chai ya tangawizi, na mazungumzo yanayoendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Wakati wa korona mwaka 2020 mkutano huo ulihamia kwenye simu, na waliohamia Dodoma na Mwanza bado hujiunga kwa njia hiyo. Mwezi Mei, mbalamwezi ya Wesak, sikukuu ya kukumbuka kuzaliwa kwa Buddha, inapofika, kikundi hula pamoja na kualika familia, watoto nao wakawasha taa za mafuta. Anayekwenda Njiro mara chache kabla ya kupanda Usa River atajua kama mwalimu anamfaa, na magoti yake yatakuwa yamekwisha kuzoea. Akiamua kwenda, achukue soksi nzito na sweta kwa ajili ya Juni na Julai, aulize kwanza kuhusu kiti na lugha, na aombe kwa maandishi kwamba asipigwe picha.